Mgeni Alipokataa Blanketi

Mbwa yule aliitwa Mgeni kwa sababu alikuja kama mgeni. Siku moja ya mvua aliingia mwenyewe kwa dobi, akajikung'uta maji katikati ya shuka za watu zilizokwisha kupigwa pasi, kisha akajilaza chini ya meza kama mwenye nyumba. Dobi akachukua fagio. Mkewe akamzuia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Basi tungoje hiyo ya tatu." Siku ya tatu ikafika, jembe halikuonekana, na miaka sita ikapita mbwa akila na kulala, bila kazi nyingine isipokuwa kumfuata mama mwenye nyumba kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Sasa mama mwenye nyumba hayupo, yapata miezi minane. Ugonjwa wa siku nne, basi. Waliobaki ni mbwa na dobi, na kati ya hao wawili aliyeonyesha msiba ni mbwa.

Maana dobi hakulia. Wateja walimwita Mzee Pasi tangu ujanani, kwa kuwa suruali ikitoka kwake mkunjo wake ungeweza kukatia mkate, na mwenyewe alikuwa hivyohivyo, amenyooka, hana kunyanzi. Majirani walimsifu kwa ujasiri hadi wakachosha. Ujasiri gani? Hakuhisi kitu. Moyo wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini ukiufinya hausemi. Watu wakimwambia pole, alijibu "nimeshapoa," upesi, kama mtu aliyejikwaa kidole. Na wateja wa mbali, wanaofika mara moja kwa mwezi, wakimuuliza mama yuko wapi, aliwajibu "hayupo," nao wakadhani ameenda sokoni.

Siku ya pili baada ya mazishi alifanya kosa ambalo hakuna mwingine angeweza kulifanya ila dobi. Watu walipoondoka, aliiona nyumba imejaa nguo. Sasa yeye akiona nguo zimelundikana hafikirii, mikono ndiyo inayofikiri. Akafua. Akafua shuka alizougulia mkewe, foronya, magauni, vitambaa vya kichwa, taulo, hata soksi. Akasuuza mara tatu, akatia dawa ya kulainisha yenye harufu ya maua, akaanika, akapiga pasi, akakunja, na kwa mazoea akabandika tiketi juu ya kila fungu. Jioni alipoweka kichwa kwenye mto wa mkewe, mto ulinuka kama mto wa mteja. Miaka thelathini na moja ya ndoa, naye alikuwa ameifua yote kwa siku moja, tena kwa bidii.

Kilichosalia ni sweta la kijani. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akalisahau. Mkewe alilivaa kila asubuhi akishona vifungo vya wateja kwenye kiti chake karibu na dirisha, Mgeni akiwa amelaza kidevu juu ya mguu wake. Dobi alilishika kwa vidole viwili, akaliingiza kwenye mfuko wa plastiki wa kufunikia suti, akafunga fundo, akautia mfuko ule ndani ya mwingine, akafunga tena, akaupandisha juu ya kabati la jikoni. Hakulinusa. Alijiambia harufu inapungua kila ukiifungulia, basi ataifungulia mara moja tu, siku atakayokuwa tayari, na siku hiyo labda kitu kitamjia. Alikuwa na tumaini hilo moja, nalo lilikaa juu ya kabati.

Shida ni kwamba sweta lile lilikuwa na mwenyewe mwingine. Mdogo wa mkewe ndiye aliyelifuma kwa mikono yake, na miezi miwili ilipopita akaja kuliomba.

"Shemeji, sitaki kingine," alisema. "Lile sweta la kijani tu, niwe nalo."

Dobi alimtazama machoni. "Silioni," akasema.

Shemeji akatafuta kila mahali, hadi chini ya kitanda. Juu ya kabati hakutazama, kwa kuwa ni mfupi.

Hata hivyo hakuacha kuja. Kila Alhamisi alileta kikapu cha mboga, akakagua kama sufuria zimetumika, akamsema dobi kidogo, akaondoka. Ni yeye aliyegundua habari ya mbwa.

"Shemeji, huyu mbwa wako ana mimba."

"Amenenepa tu."

"Amenenepa matiti?"

Dobi akainama kutazama. Kweli bwana. Tangu msiba hakuwa na habari kama geti limefungwa au liko wazi, na inaonekana wako waliokuwa na habari.

Basi siku ikafika, nayo ilikuwa Alhamisi, jua zuri la kuanika. Mgeni alikataa chakula cha asubuhi. Akawa anahema, anazunguka, anakwangua sakafu kwa kucha. Dobi hakushtuka, maana alikuwa amejiandaa, tena amejiandaa kidobi. Alikuwa amelisugua kwa maji ya moto sanduku kubwa la mbao la kuwekea sabuni. Matambara ya zamani ya Mgeni ameyafua. Blanketi amelifua mara mbili, amelisuuza mara tatu, amelitia maua, amelikunja pembe kwa pembe ndani ya sanduku. Mgeni alilinusa blanketi lile, akapiga chafya, akatoka.

Alikwenda jikoni, akasimama nyuma ya mlango, chini ya msumari mtupu, akatazama juu.

Dobi alimwona. Alielewa, akajifanya hajaelewa. Akampigia simu daktari wa mifugo, ambaye alikuwa mbali kwenye boma la mtu akimshughulikia ng'ombe aliyevunjika mguu.

"Nitafika jioni," daktari alisema. "Usiwe na wasiwasi, mbwa anajua kuzaa kuliko mimi na wewe. Mwachie mahali patulivu, na umtandikie matambara anayoyazoea."

Matambara anayoyazoea yalikuwa kwenye kamba uani, yanadondosha maji.

Saa tano Mgeni akamzaa wa kwanza, kwenye saruji tupu, katikati ya mabeseni. Alimtoa akiwa ndani ya mfuko wake mlaini, akaupasua kwa meno, akaanza kulamba. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na yangeendelea vizuri kama dobi angekuwa seremala au fundi baiskeli. Lakini alikiona kile kitoto cheusi kimelowa ute na damu, na mikono ikafikiri. Akakiokota. Akakisuuza kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, akakifuta kwa taulo yenye harufu ya maua, akakikausha hadi manyoya yakasimama. Kisha akakiweka mbele ya mama yake kama anavyomkabidhi mteja nguo.

Mgeni akanusa. Akapiga chafya. Akageuza uso.

Dobi akakisogeza kwenye chuchu, Mgeni akasimama akaondoka. Akakirudisha tena, Mgeni akamngurumia, na kwa miaka sita hakuwahi kumngurumia mtu wa nyumba ile. Akarudi chini ya msumari wake, anatetemeka. Tumbo lililokuwa likikaza na kulegea likatulia. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima, hakuna kilichotoka.

Shemeji alipoingia na kikapu chake alimkuta dobi amepiga magoti sakafuni, kitoto kikilia kwenye kiganja chake.

"Kuna nini?"

"Amemkataa."

Shemeji aliweka kikapu, akakichukua kitoto, akakitia ndani ya blauzi kifuani kipate joto. "Mpigie daktari," akasema. "Weka sauti kubwa nisikie."

"Umemfuta na kitu gani?" daktari aliuliza.

"Taulo."

"Taulo gani?"

"Safi."

"Safi namna gani, mzee wangu?"

Dobi akaeleza, maana kazi yake anaijua: sabuni, suuza tatu, dawa ya maua. Upande wa pili ng'ombe akalia kwa uchungu.

"Mzee," daktari akasema, "umemfua mtoto."

Kicheko kikamponyoka shemeji, akakiziba kwa mkono. Daktari hakucheka.

"Sikilizeni. Huyo mama hamjui mwanawe kwa sura, anamjua kwa harufu, na harufu umeiondoa. Sasa ana hofu, na mnyama mwenye hofu anazuia uchungu. Tangu wa kwanza atoke ni muda gani?"

"Saa moja na robo."

"Zikifika mbili bila wa pili, walio tumboni wataanza kufa, na mama anaweza kuwafuata. Mimi siwezi kuwahi. Ana mtu wake hapo nyumbani? Mtu anayempenda? Tafuteni nguo ya mtu huyo, ambayo haijafuliwa. Alale juu yake."

Simu ikakatika. Dobi na shemeji wakawa kama watu waliosikia jina likitajwa ilhali halikutajwa.

"Nguo chafu humu tunazo magunia," shemeji akasema, "lakini zote za watu baki. Hebu jaribu ya kwako."

Dobi akavua shati, akalitandika. Mgeni alilinusa kwa heshima, akalipita. Miaka zaidi ya thelathini ndani ya mvuke wa sabuni, mtu hana harufu tena, ana usafi tu.

"Ya dada hata moja haikubaki?" shemeji akauliza. "Hata leso?"

"Nilifua zote."

Ni hapa inabidi niseme ukweli ambao dobi mwenyewe aliukiri moyoni mwake. Aliwaza kumwacha mbwa afe. Alisimama pale kifua wazi, akawaza: ni mbwa. Mbwa hufa kila siku. Yule aliyempenda mbwa huyu amekwisha kuondoka, na kilichobaki chake ni kimoja tu, na kikifunguliwa hakifungiki tena. Alisimama hivyo muda mrefu, shemeji akidhani anafikiria mahali pa kutafuta. Alikuwa anautazama mshale wa saa ukutani ukisogea.

Kisha Mgeni akaunyanyua mguu mmoja wa mbele, akaukwangua mlango chini ya msumari, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wenyewe.

Dobi akachukua kiti. Hakuchukua kile cha dirishani, alichukua kingine. Akapanda, akaushusha mfuko kutoka juu ya kabati, na plastiki iliposhuka kwenye mwanga wa mlango, ukijani ukaonekana.

Shemeji aliona. Dobi akaketi akafungua fundo la kwanza kwa kucha, bila kuchana, kisha la pili. Kabla ya kufanya lolote jingine aliingiza uso wake ndani ya sweta.

Lilinuka plastiki.

Akatafuta kwenye ukosi. Akatafuta kwapani, kwenye pindo za mikono, mfukoni ambamo mkewe alitia uzi. Plastiki, na vumbi kidogo. Akamnyooshea shemeji. Shemeji alifumba macho akavuta pumzi ndefu kwenye ukosi ule alioufuma mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Halina kitu, shemeji."

Miezi minane alikuwa akilinda mfuko. Hata hapo hakuhisi kitu. Alilitandika sweta sakafuni chini ya msumari kwa kuwa lilikuwa mkononi, na kitu kilicho mkononi mwa dobi lazima kikunjwe au kitandikwe.

Mgeni akasogea. Akaingiza pua ndani ya mkono wa sweta, ikazama hadi machoni. Akatulia. Mbavu zake zikapanda, zikashuka, zikapanda. Halafu mkia ukapiga mlango, mara moja, mara ya pili, kisha ukaanza kupiga kama ulivyokuwa ukipiga saa ile geti lilipolia na mama mwenye nyumba akaingia na kapu lake kutoka sokoni. Akajizungusha mara tatu, akalala, akaweka kidevu juu ya mkono wa kijani, akashusha pumzi ndefu.

"Anamsikia," shemeji akasema polepole. "Sisi hatusikii, yeye anamsikia."

Dobi akakaa sakafuni.

Dakika ishirini baadaye tumbo likakaza, na wa pili akatoka. Mikono ya dobi ikaruka. "Kaa na mikono yako, shemeji!" akaambiwa, naye akaikalia kabisa, ameiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kushika chakula. Mgeni akapasua mfuko, akalamba, akatafuna kitovu. Shemeji akakitoa kile cheusi kifuani, akakigaragaza kwenye majimaji ya mdogo wake hadi kikawa kichafu vizuri, akakisukuma karibu. Mgeni alikinusa mara mbili. Kisha akakilamba usoni, kwa nguvu, kama anayekisuta kwa kuchelewa, na cheusi kikapata chuchu.

Wa tatu alikuja na kelele zake. Wa nne alitoka kimya. Shemeji alimsugua kwa kitambaa, akampuliza puani, akamsugua tena, hadi Mgeni mwenyewe akaacha kumtazama. Alikuwa mzima kila kitu, kucha na masharubu. Dobi alitazama saa ukutani, akahesabu zile dakika alizosimama kifua wazi akiwaza kwamba mbwa hufa kila siku. Hakumwambia shemeji, na sijui kama aliwahi kumwambia. Alimfunga yule mdogo kwenye taulo ya maua, akamchimbia shimo uani, chini ya kamba.

Aliporudi, wa tano alikuwa amezaliwa na Mgeni amelala ubavu, wanne wamejipanga. Shemeji alikuwa ameketi ameegemea ukuta.

"Ulisema hulioni," akasema.

"Nilikuwa naliona kila siku."

"Si ungeniambia tu? Ningekuachia. Mimi ni mtu wa kugombania sweta na wewe?"

"Najua ungeniachia."

"Sasa kwa nini?"

Dobi alifikiri. Hakuwa amezoea kuulizwa kitu ambacho hakina tiketi.

"Nilidhani yumo humo," akasema. "Nikasema nikimtoa, basi."

Shemeji alinyoosha mkono akalishika pindo la sweta lake, mahali palipokuwa bado pakavu, akalishikilia hivyo kwa muda. Kisha akainuka, akafunga blauzi, akasema mboga zitanyauka, akaenda kuwasha jiko la mkaa uani. Kutoka huko alisikika akipenga kamasi.

Dobi akabaki analitazama. Damu, ute, majimaji ya kijani kibichi, maziwa. Kila doa alilijua dawa yake: hili maji baridi na chumvi, lile sabuni ya kipande, hili liloweke usiku kucha. Angeweza kulirudisha kama jipya kabla ya Jumamosi. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, hakutaka doa litoke.

Saa kumi kengele ya mlango wa mbele ikalia. Alikuwa mwalimu anayekaa mtaa wa mbali, mteja wa mara moja kwa mwezi, amefuata suti yake ya mahafali. Dobi akavaa shati, akapita pazia, akaitundika suti juu ya kaunta. Mwalimu aliikagua akaridhika, ila kifungo kimoja cha koti kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Aa, hiki angenishikizia mama," akasema. "Hivi yuko wapi? Kila nikija hayupo."

Dobi akafungua kinywa kujibu kama siku zote. Nyuma ya pazia mkia ukapiga mlango wa jikoni, mara moja, mara ya pili. Lile neno "hayupo" akaliacha.

"Mke wangu amefariki, mwalimu," akasema.

Mwalimu akaliachia koti. "Mungu wangu. Lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane! Na mimi kila mwezi nakuja hapa, nakuuliza..." Mwalimu wa watu aliona haya hadi akavua kofia. "Pole. Pole sana, Mzee Pasi."

Lile jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, limenyooshwa na kukunjwa. Dobi alilipima akaona haliwezi kusemwa leo.

"Sijapoa," akasema. "Sijapoa hata kidogo."

Akalichukua koti. Akazunguka kaunta, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, ambacho hakuna aliyekikalia tangu mwenyewe aondoke, akavuta kopo la nyuzi. Alijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara tatu, na mara zote tatu hakuliona tundu, kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa maji na maji yenyewe yalikuwa yanadondoka juu ya suti safi ya mteja. Mwalimu akasogea, akaichukua sindano, akautia uzi, akamrudishia.